Watoto Wanaoendesha

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua soksi, Fundi alikuta wateja wanamngoja. Bibi yuko sebuleni na redio iliyopotea stesheni. Jirani wa mlango wa pili kaleta simu "iliyonyamaza tu yenyewe", kumbe ameizima sauti kwa kidole gumba. Mama naye, akitoka zamu ya asubuhi, ana maswali yake: picha imekwenda wapi, herufi mbona zimekuwa ndogo, na huyu anayeniandikia ni nani.

"Lete," Fundi husema, na hapo simu imekwisha kutoka mkononi mwa mwenyewe. Vidole vyake hupita juu ya kioo upesi upesi, na simu hurudi imepona. Aliyeileta haambulii somo lolote. Kesho yake hurudi na tatizo lile lile, na Fundi hucheka kidogo na kusema tena, "Lete."

Msichana huyu wa darasa la saba alikuwa na jina lake zuri la shuleni, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Bibi ndiye aliyembandika hilo la Fundi, likamganda. Jina kama hilo ni tamu, sikatai. Ubaya wake ni kwamba ukishaitwa Fundi, neno "sijui" linakukwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mama alikuwa muuguzi katika wodi ya watoto, na tangu mwaka uliopita alikuwa pia mwanafunzi wa chuo kikuu. Hakuwa mwanafunzi wa kubeba mkoba na kukaa ukumbini. Alisomea nyumbani, kwenye meza ya chakula, kwa kompyuta aliyoazimwa na dada yake. Chuo kilikuwa na maktaba ya mtandaoni, yenye vitabu na makala za utafiti ambazo mwanafunzi huzisoma popote alipo, ilimradi ana neno lake la siri. Tatizo ni kwamba Mama aliiogopa maktaba hiyo. Aliwahi kuingia mara moja, akaona vitufe vingi, akatoka kimya kimya kama mtu aliyekosea nyumba.

Jumanne moja zoezi lake lilirudishwa. Mama alisoma maneno ya mhadhiri kimya, kisha akayasoma kwa sauti ili Bibi na Fundi wasikie.

"Anasema, 'Umeandika kwa uzoefu, na uzoefu wako ni mzuri. Lakini sioni hata makala moja kutoka maktaba yetu. Kumbuka kazi hizi zitachapwa katika kijitabu cha Kiswahili, zisomwe na wahudumu wa afya. Irudie, uilete Ijumaa. Ukishindwa, somo hili utalirudia mwakani.'"

"Mwakani si mbali," Bibi alisema, akijaribu kumpoza.

"Mama, hospitali imenipa nafasi ya kusoma kwa sharti nisifeli somo," Mama alimjibu Bibi. "Nikirudia moja tu, nafasi anapewa mwingine. Wako wengi wanaoililia." Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. Shahada hiyo alikuwa akiiota tangu Fundi hajazaliwa.

Fundi hakupenda kumwona mama yake vile. "Lete, Mama. Nitakutafutia mimi."

"Unaijua maktaba ya chuo wewe?"

"Mtandao ni mtandao tu, Mama."

Mama alisita, lakini mtu anayezama hachagui gogo la kushika. Aliingiza neno lake la siri, akageuza kompyuta upande wa Fundi, kisha akaenda kupiga pasi sare yake. "Haya, andika basi: watoto wadogo wanaoendesha. Tafuta makala tatu nne zinazoeleza mzazi afanye nini nyumbani. Ukipata, ziingize kwenye ile kazi yangu, na chini yake uandike zimetoka wapi. Nitaipitia kesho kutwa kabla ya kuituma."

Fundi aliandika kama alivyosikia. Kabla ukurasa haujafunguka, simu ya Mama ililia. Muuguzi wa zamu ya jioni ameugua, na wodi imejaa. Mama alivaa ile sare ikiwa bado ya moto, akatoka mbio.

Ukurasa ulifunguka. Fundi alisoma, akasogeza uso karibu, akasoma tena.

Makala ya kwanza ilihusu usalama wa watoto wanaoendesha baiskeli barabarani. Iliyofuata ilihusu vijana wanaoendesha biashara ndogo. Chini yake kulikuwa na utafiti mrefu kuhusu wanafunzi wanaoendesha mikutano ya klabu, na nyingine ikishauri kwamba mtoto anayeendesha avae kofia ngumu na aangalie pande zote mbili.

"Kofia ngumu?" Fundi alijiuliza. Alifunga, akafungua upya. Baiskeli zilikuwa palepale. Labda Mama ameingia maktaba ya madereva. Labda chuo chenyewe ni cha udereva na Mama hajui.

Wakati huohuo rafiki yake aliyeitwa Miwani alibisha hodi. Alikuja kuazima rula, lakini kwa kuwa hapitwi na jambo, alivuta kiti. Miwani alikuwa msomaji wa polepole, wa kupitisha kidole chini ya kila mstari.

"Kwani mama yako amebadilisha kazi?" aliuliza.

"Hajabadilisha. Anataka habari za tumbo la kuendesha."

"Sasa tumbo liko wapi hapo? Mbona hukuliandika?"

Fundi aliona kweli. Akaandika "tumbo linaloendesha". Maktaba ilifikiri kidogo, kisha ikajibu kwamba haikupata kitu, na ikauliza kwa adabu kama alikusudia "gari linalojiendesha". Miwani alicheka mpaka miwani yenyewe ikateleza puani. Fundi hakucheka. Hajazoea mashine kumfanyia dhihaka.

Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na kidirisha kidogo kilichoandikwa Uliza Mkutubi, na nukta ya kijani.

"Si uulize?" Miwani alisema. "Mkutubi ni mtu wa maktaba. Hiyo ndiyo kazi yake."

Fundi aliona aibu kuuliza kitoto, basi akaandika kikubwa: "Habari. Mimi ni mtu mzima. Nataka watoto wanaoendesha."

Jibu lilikuja mara moja. "Karibu sana. Wanaoendesha nini?"

Wasichana walitazamana. "Anatutania huyu?" Fundi alisema. "Anataka nimtajie?" Alifikiri namna ya kulisema bila kulisema, akaandika: "Wanaendesha sana, mpaka wanaishiwa nguvu."

"Pole. Wana umri gani?"

"Chini ya miaka mitano."

Kisha yakaja maneno haya: "Samahani, dada. Mtoto wa chini ya miaka mitano anaendesha chombo gani?"

Miwani aliinama chini ya meza kwa kicheko. Fundi alihisi masikio yanamwaka. Kabla hajajua ajibu nini, ujumbe mwingine uliingia: "Naomba nikupigie tuelewane. Namba yako ya simu ni ileile uliyojisajili nayo?"

Shuleni walikuwa wamefundishwa kwamba matapeli huanza hivyohivyo, kwa ukarimu na kuomba namba. Fundi alifunga kompyuta kwa kishindo.

"Mwambie tu mama yako imekushinda," Miwani alisema akichukua rula yake.

"Haijanishinda."

"Haya. Mimi nimesema tu," Miwani alijibu, akaenda zake.

Fundi alibaki na kompyuta. Angeweza kumngoja Mama na kumwambia kwamba maktaba imemchanganya, kwamba ameona baiskeli na mikutano, na hajui kwa nini. Ni maneno machache tu. Lakini alifikiria uso wa Mama, akafikiria na jina lake, akaona heri atafute njia ya mkato. Aliiacha maktaba ya chuo, akaingia mtandao wa kila mtu, akaandika maneno yaleyale na kuongeza "tumbo". Safari hii matumbo yalikuja tele.

Ukurasa uliomvutia ulikuwa na picha ya mwanamume anayetabasamu, koti jeupe, kipimo cha kusikilizia moyo shingoni. Maneno yake yalikuwa mafupi na yenye uhakika. Fundi, aliyekuwa amechoka kuchanganyikiwa, aliupenda uhakika ule. Alinakili aya moja hapa, nyingine pale, akazipachika katikati ya kazi ya Mama. Alipofika mahali pa kuandika zimetoka wapi, vidole vilisimama. Kisha vikaandika: Maktaba ya Chuo Kikuu.

Mama aliporudi alikuwa amechoka hata kula hataki. "Umepata?"

"Nimepata."

"Humo humo maktabani?"

"Ndiyo, Mama."

Mama alimkumbatia, akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Ningekuwa mgeni wa nani mimi bila wewe," alisema. Fundi alitamani kumbatio lile liishe haraka. Lilimchoma kuliko kofi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata mbali. Kesho yake Mama alirudi kutoka kazini na uso ambao Fundi hakuweza kuusoma. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeshuka kituo kisichokuwa chake.

"Leo nimepigiwa simu nikiwa wodini," alisema, akiweka mkoba mezani. "Mtu ananisalimu vizuri kabisa, kwa jina langu. Halafu ananiuliza hao watoto wangu wa chini ya miaka mitano wanaendesha chombo gani."

Bibi aliacha kusuka mkeka. "Chombo?"

"Chombo, Mama. Nikamwambia amekosea namba. Akasema hapana, mimi ni mkutubi wa chuo chako, jana jioni tumeandikiana, ukaniambia wewe ni mtu mzima." Mama aliketi. "Sasa mimi jana jioni nilikuwa nimeshika mtoto mwenye dripu. Huyo mtu mzima ni nani?"

"Labda ni jini lako la kizungu la humo kwenye kompyuta," Bibi alisema. "Mke mwenzangu, wewe hukuliona?"

Mke mwenzake, yaani Fundi, alitazama vidole vya miguu yake. "Labda... labda mtambo ulichanganya," alisema.

Mama alimwangalia. Wauguzi wana jicho la kuona homa kabla ya kipimo. Lakini hakuuliza zaidi. "Vaa viatu. Amesema kituo chao hapa mjini kiko wazi mpaka jioni. Twende nikamwone mtu anayenijua nisiyemjua."

Kituo cha chuo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya kuandikia. Ngazi zilikuwa nyembamba, zinanuka karatasi mpya. Ndani kulikuwa na chumba kimoja kirefu, kompyuta zimepangwa ukutani, viti vya plastiki, na feni iliyopuliza upande mmoja tu, ndiyo maana wanafunzi wote walijazana upande huo. Kijana mmoja alikuwa amelala juu ya kibodi. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akiizomea mashine yake kwa sauti ndogo.

Mkutubi alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, aliyekunja mikono ya shati. Alitembea nyuma ya wanafunzi na mikono yake kaifunga mgongoni, kama mwalimu wa zamu.

"Shikamoo," Fundi alisema, sauti ikiwa ndogo.

"Marahaba, binti. Dada, karibu. Ndiye wewe wa chombo?"

"Kaka yangu, mimi ndiye nisiyejua lolote," Mama alijibu. "Hata nilichokuuliza sikijui."

"Basi tuko sawa, maana hata mimi sikujua nilichoulizwa." Aliwavutia viti. "Fungua kazi yako, unisomee ulichoandika. Nikikusikia, nitajua tunatafuta nini."

Fundi, kwa mazoea, alikuwa amekwisha kushika kipanya.

"Aa, binti," Mkutubi alisema taratibu. "Hapa kipanya anashika mwenye kazi. Hata mimi sikigusi. Ndiyo maana mikono naiweka nyuma, ina tabia mbaya hii, ikiona mtu anahangaika inataka kumfanyia."

Fundi aliachia kipanya. Mama alikishika kama anayeshika yai, akafungua kazi yake, akaanza kusoma. Mwanzo ulikuwa wake mwenyewe, aliusoma kwa raha. Kisha akafika kwenye aya ambazo hakuziandika yeye.

"'Mtoto anayeendesha asipewe maji wala kinywaji chochote mpaka tumbo likauke. Baada ya...'" Alirudi mwanzo wa mstari, akausoma tena bila sauti, midomo ikicheza.

"Nani ameandika hivi?" aliuliza.

Mkutubi aliinama kidogo kuangalia kioo. "Hapo chini pameandikwa Maktaba ya Chuo Kikuu. Dada, kwetu hakuna makala ya namna hiyo."

"Haiwezi kuwepo." Sauti ya Mama ilikuwa imebadilika. "Mtoto akiendesha, maji yanamtoka mwilini. Ukimnyima maji unamuua. Juzi tu tumeletewa mmoja, macho yameingia ndani, machozi hana. Mama yake aliambiwa na mtu asimpe maji, likauke. Aliponea tundu la sindano." Aligeuka kutoka kwenye kioo. "Na hii ingekwenda kwa jina langu. Muuguzi wa wodi ya watoto. Ikachapwe, isomwe na watu wanaotuamini."

Fundi alianza kulia kabla hajafungua mdomo. "Ni mimi, Mama. Maktaba ilileta baiskeli."

"Ilileta nini?"

"Baiskeli. Na kofia ngumu. Na mikutano ya klabu." Maneno yalimtoka bila mpangilio, pamoja na kamasi. "Nikamwuliza huyu mjomba, akaniuliza chombo. Nikaona ni tapeli. Nikaenda mtandao wa kawaida, nikamwona daktari, nikanakili kwake. Halafu nikaandika ni maktaba. Haikuwa maktaba. Nimekudanganya."

Yule kijana aliyelala juu ya kibodi aliinua kichwa. Mkutubi alikohoa, labda kuficha kicheko, labda huruma.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama aliuliza.

"Ningesemaje? Nyumbani mimi ndiye Fundi."

Mama hakumgombeza. Nadhani ingekuwa nafuu kwa Fundi kama angegombezwa. Alikaa tu, ameshika kipaji cha uso, akijaribu kuunganisha baiskeli na kofia na daktari. Mwishowe alisema, "Mimi bado sielewi kitu kimoja. Nimesema watoto wanaoendesha. Baiskeli zimetoka wapi?"

"Hapo ndipo penyewe," Mkutubi alisema, akavuta kiti. "Dada, mtoto akilazwa na ugonjwa huo, kwenye faili mnaandika nini?"

"Kuhara."

"Na nyumbani unasemaje?"

"Nyumbani nasema anaendesha. Nani atataja kuhara kwenye meza ya chakula?"

"Basi maktaba haijawahi kukaa kwenye meza yako. Haijui kwamba unasitiri maneno. Mashine hii haielewi, inalinganisha herufi tu. Ukiiandikia kuendesha, inakuletea kila kinachoendeshwa: gari, biashara, mkutano. Waandishi wa makala ni watu wa wodini kama wewe, wameandika neno la wodini. Waulize kwa neno lao."

Mama alimwangalia Fundi, Fundi akamwangalia Mama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne wote wawili walielewa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mama alicheka, kicheko kifupi cha uchovu. "Kumbe ni mimi mwenyewe niliyekutuma kwa madereva."

Sasa ikaja kazi. Mama aliandika kwa kidole kimoja. K akaipata. U akaipata. H ilimpiga chenga, akaisaka juu, akaisaka chini, nayo iko katikati kabisa. Fundi aliiona tangu mwanzo. Vidole vilimwasha. Aliviweka chini ya mapaja akavikalia.

Makala zilikuja, tena nyingi kupita kiasi. Mama alirudi nyuma kwenye kiti. "Mungu wangu, hizi nitazisoma uzeeni. Na hii ya kwanza inahusu ndama."

"Unataka ndama?" Mkutubi aliuliza.

"Sitaki ndama."

"Basi iambie."

Mama aliongeza neno "watoto", na ndama wakaondoka. Akaongeza "nyumbani". Mkutubi alimwonyesha kwa kidevu, si kwa kidole, mahali pa kuchagua miaka, ili zile za zamani sana zikae kando, na alama inayoonyesha kwamba makala imekwisha kuhakikiwa na wataalamu wengine kabla ya kutolewa. Mama alibofya mahali pasipo, ukurasa wote ukapotea, akapiga uyowe mdogo. Mkono wa Fundi ulichomoka wenyewe chini ya paja. Mkutubi alikohoa. Mkono ukarudi. Mama alitazama kioo, akakitazama tena, akaona kishale cha kurudi nyuma, akakibofya, na makala zake zikarudi zote. Alitabasamu kama mtoto aliyepiga hatua ya kwanza.

"Binti," Mkutubi alisema, "yule daktari wako aliandika jina lake?"

Fundi alifikiri. "Hapana. Kulikuwa na picha tu."

"Aliandika lini?"

"Sikuona."

"Nani alimkagua?"

"Sijui."

"Na alikuwa anauza kitu?"

Fundi aliinua macho. "Alikuwa anauza unga. Wa kumpa mtoto tumbo likishakauka."

"Enhee," Mkutubi alisema, akaliacha hapo.

Mama alisoma muhtasari wa makala moja hadi nyingine, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyokaa sawasawa kitini. Nyingi zilisema alichokuwa akikisema wodini kila siku: mtoto anyweshwe maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa kwa kipimo, kidogo kidogo na mara kwa mara, aendelee kunyonya, na akilegea apelekwe hospitali haraka. Lakini moja ilieleza jambo ambalo hata yeye hakulijua vizuri, kuhusu dawa ya madini ya zinki na siku za kuitumia. Aliandika kwenye karatasi, akauliza, akabishana kidogo na Mkutubi, akarudi kusoma. Aya za yule mwenye koti jeupe alizifuta kwa mkono wake mwenyewe, herufi moja moja, ingawa ipo njia ya kuzifuta zote mara moja. Fundi aliijua njia hiyo. Alinyamaza.

Walipokuwa wakitoka, Mama alimgeukia Mkutubi. "Kaka, ahsante kwa kunitafutia."

"Sikukutafutia, dada. Umetafuta mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama tu."

Alhamisi nzima, baada ya zamu, Mama aliandika. Ijumaa alituma kazi yake kabla ya chakula cha mchana, kisha akakaa akiitazama kompyuta kama inayodaiwa jibu. Jibu halikuja siku hiyo wala siku iliyofuata. Nyumba nzima ilipoteza hamu. Bibi alisuka mkeka akaukosea, akaufumua.

Lilipokuja, Mama alilisoma kimya, kisha kwa sauti: "'Hii ndiyo kazi niliyoitaka. Marejeo yako ni safi. Itaingia kwenye kijitabu.'" Alifunika uso kwa khanga yake, na Bibi akamwacha alie, kwa kuwa kilio cha namna hiyo hakibembelezwi.

Wiki hiyohiyo lilikuja zoezi jingine. Mama aliweka kompyuta mezani, akamwita Fundi, lakini kipanya akabaki nacho yeye. "Kaa hapa karibu," alisema. "Nitakapokwama, uniambie nitazame wapi. Usinishikie."

Alikwenda polepole lakini alikwenda. Aliandika maneno ya wodini, akachagua miaka, akaipata makala aliyoitaka. Ila safari hii pembeni yake palikuwa na picha ndogo ya kufuli, na makala ilikataa kufunguka.

"Fundi, kufuli hii ni ya nini?"

Fundi aliitazama. Alihisi lile neno limemkwama palepale kooni. Angeweza kubahatisha. Angeweza kusema "lete". Bibi alikuwa ameacha kusuka, anasikiliza.

"Sijui, Mama," alisema.

Mama aliachia kipanya, akamgeukia. Alimshika mkono, ule wenye tabia mbaya.

"Nilikuwa naingoja siku hii," alisema. "Mwanangu, kutojua si kosa. Hata mimi sikujua kwa nini baiskeli zilikuja, na mimi ndiye niliyeziita. Kosa lako lilikuwa kufunika kutojua kwako kwa uongo, ukanipa niweke jina langu juu yake, na nusura uongo huo umfikie mtoto wa mtu. Mimi nami nina langu. Niliogopa maktaba, nikakutupia wewe kazi yangu, nikaita huko kusaidiwa. Msaada wa kweli ni ule unaomwacha mtu amejua." Alisogeza kiti ili Fundi aone kioo vizuri, akabofya palipoandikwa Uliza Mkutubi. "Ukisema sijui, tunakuwa wawili tunaotafuta. Ukijifanya unajua, unapotea peke yako, na mimi ninayekuamini nakufuata huko huko."

Kisha kwa kidole chake kimoja, bila haraka, akaandika: "Habari, kaka. Mimi na binti yangu hatujui."